Harufu ya Kuungua Katika Motokaa: Shahidi Asiyengoja Kesho

Lori lililopakia saruji na mabati latoka Nairobi kwenda Narok. Limekwisha kuipita Limuru, na sasa lateremka barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyochongwa ubavuni mwa mlima na mateka wa vita Waitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mkono mmoja ni jabali, mkono wa pili ni Bonde la Ufa, limetandazwa chini kama mkeka. Mwenye mzigo angoja Narok, na dereva ameahidi kufika kabla ya saa nane mchana.

Katikati ya mteremko utingo aligeuza uso dirishani, akavuta pumzi.

"Mzee," akasema, "kuna kitu kinaungua."

"Ni yale magari ya mbele, kijana," dereva akajibu bila kupunguza mwendo. "Kila gari hunuka breki mahali hapa."

Mfano huu wawahusu watu wengi kuliko wawili hawa. Kila siku, katika miteremko na katika misongamano ya mijini, kuna dereva anayeisikia harufu ya kuungua, akajipa jibu lililo jepesi kuliko yote, kisha akaendelea na safari. Jibu lake huenda likawa kweli. Lakini hakuna awezaye kulijua kuwa ni kweli asiposimama, wala hakuna fundi awezaye kumsaidia vizuri kesho yake ikiwa yeye mwenyewe hakuangalia neno lo lote leo.

Ushahidi hupoa

Taabu ya harufu ni kwamba haikai. Tairi likipasuka, mpasuko wake utaonekana hata baada ya wiki nzima. Taa ikivunjika, kioo kitabaki kimevunjika. Bali harufu hutoka wakati chuma kina moto, na chuma kikipoa hutoweka. Mwenye motokaa huilaza nje usiku, asubuhi huipeleka kwa fundi, na fundi huinama, hunusa, huwasha injini, hatimaye husema, "Sioni kitu." Si kosa la fundi. Shahidi alikwisha kwenda zake.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya kuitambua harufu ni ya dereva, tena yapasa ifanywe papo hapo. Dereva mwenye busara huwa na kijitabu kidogo ndani ya gari, na humo huandika majibu ya maswali manne. Ilianza lini: wakati wa kupanda, wa kushuka, wa kwenda polepole katika msongamano, au baada ya kusimama? Ilitoka wapi: mbele, nyuma, kushoto, kulia, au ndani ya gari lenyewe? Ilinukaje: kama karatasi, kama mpira, kama plastiki, kama mafuta ya kukaanga, au tamu kama sukari iliyoungua? Na kitu gani kilibadilika pamoja nayo: je, injini ilivuma bila gari kuongeza mwendo, pedali ilikuwa laini, taa zilififia, au gari lilivuta upande mmoja?

Mistari minne ya namna hiyo humwokolea fundi nusu siku ya kupapasa, na humwokolea mwenye gari fedha za vyuma visivyokuwa na kosa.

Breki

Harufu ya breki zilizopata moto ni kali, huwasha pua, na hutoka kwenye magurudumu. Ili msomaji afahamu asili yake, na afikirie kazi ambayo breki hupewa. Lori lenye uzito wa tani 10 likishuka mita 500 kwenda chini, na breki zikabeba kazi yote ya kulizuia lisiongeze mwendo, joto litakalotoka litatosha kuchemsha lita 140 hivi za maji baridi, yaani madebe saba ya lita ishirini ishirini. Joto lote hilo huingia katika vyuma vichache vilivyo ndani ya magurudumu.

Lainingi ikipata moto kupita kiasi hupoteza ukali wake wa kushika. Katika lori lenye breki za upepo, ngoma ya breki hutanuka kwa joto ikajitenga na lainingi, na mkono wa breki huweza kufika mwisho wake kabla ya kubana vya kutosha. Katika motokaa ndogo kuna hatari nyingine. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Mafuta ya namna iitwayo DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lifike angalau digrii 205 za Selsiasi. Lakini yakishakunywa maji, kipimo kinachotakiwa ni digrii 140 tu. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva hukanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni, na gari likaendelea kwenda.

Ndiyo maana harufu ya breki katika mteremko ni onyo la mwanzo, tena hutokea wakati breki zingali na nguvu kidogo ya kulisimamisha gari. Atakayengoja onyo la pili huenda asilipate.

Dawa yake huanza kileleni. Dereva na aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ile ile ambayo angeitumia kama angeupanda mlima huo, ili injini nayo ibebe sehemu ya kazi. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha ziachwe zipumzike. Mguu usilazwe juu yake njia nzima. Harufu ikitoka, asimame mahali pana na salama, azuie magurudumu kwa mawe au magogo, na aache breki zipoe zenyewe. Asizimwagie maji, maana chuma chenye moto kikipata maji baridi huweza kupasuka. Na aondokapo, ayaondoe mawe yale barabarani, yasije yakamwua mwendesha pikipiki usiku.

Lakini ikiwa harufu yatoka katika gurudumu moja tu, tena baada ya safari ya mahali tambarare, sababu si mlima. Hapo yamkini breki ya gurudumu hilo imenata, haiachii. Njia ya kujua ni rahisi. Baada ya mwendo wa dakika kumi au zaidi bila kufunga breki kwa nguvu, dereva ashuke na kusogeza mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu, asiguse. Magurudumu mawili ya mbele yapasa kuwa na joto lililo karibu sawa, na mawili ya nyuma vivyo hivyo. Likiwapo moja lililo kama jiko kuliko mwenzake, mwenye kosa amepatikana. Kabla ya kumwita fundi, hata hivyo, na atazame breki ya mkono. Wengi wamesafiri maili kadhaa wakiwa wamesahau kuishusha.

Jambo moja zaidi kwa mafundi. Lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa.

Klachi

Harufu ya klachi inafanana na ya karatasi iliyoungua, na kwa hiyo watu huichanganya na ya breki. Tofauti ni wakati wake. Breki hunuka katika kushuka. Klachi hunuka katika kupanda, katika kurudi nyuma na mzigo, katika kujikwamua matopeni, na katika msongamano wa mjini ambamo gari huenda hatua moja na kusimama. Dereva alazaye mguu juu ya pedali ya klachi, au alishikiliaye gari mlimani kwa klachi badala ya breki, aila klachi yake kama mchwa alavyo mti.

Dalili inayoambatana na harufu hii ni injini kuvuma sana na gari lisiongeze mwendo. Ikiwa harufu ilitokea mara moja tu, baada ya kazi ngumu, na haikurudi, klachi yaweza kuwa salama. Ikirudi katika safari ya kawaida, klachi imekwisha au yahitaji kurekebishwa, na kuahirisha hakutaipunguza gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Oili na maji ya rejeta

Harufu nzito ya mafuta yanayokaangwa, pengine pamoja na moshi wa samawati unaochungulia chini ya boneti, huonyesha kuwa oili inadondoka juu ya bomba la moshi lenye moto. Mara nyingi sababu ni gasketi iliyochakaa juu ya injini. Mara nyingine ni uzembe tu: fundi amebadilisha oili jana, akamwaga kidogo, au kifuniko hakikukazwa. Iliyomwagika itaungua na kwisha baada ya safari chache. Ikiwa harufu haiishi, na kipimo cha oili chaonyesha kwamba inapungua, kuna mahali inapovuja. Dereva aweza kutandika karatasi kubwa chini ya injini usiku. Asubuhi doa litamwonyesha mahali pa kuanzia.

Harufu tamu, kama ya sharubati iliyoachwa motoni, ni ya dawa itiwayo katika maji ya rejeta. Maana yake ni kwamba maji yanavuja mahali fulani, na injini iko karibu kupata moto kupita kiasi. Mshale wa joto na utazamwe mara moja. Ikiwa harufu hii imo ndani ya gari, na vioo vyafanya ukungu wenye unato, huenda kirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ndicho kinachovuja. Kwa hali yo yote kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Maji ya humo yamefungiwa kwa nguvu, yana joto kupita la sufuria inayochemka, na kifuniko kikiachiliwa huruka usoni mwa aliyekifungua.

Mpira

Harufu ya mpira unaoungua itafutwe mahali pawili. Kwanza ni chini ya boneti, katika mkanda uzungushao altaneta na pampu. Mkanda uliolegea huteleza, hulia kama panya, na huungua. Na taa ya betri ikiwaka pamoja na kilio hicho, jambo limethibitika. Pili ni katika matairi. Tairi lililopungukiwa upepo hujikunja katika kila mzunguko, na kujikunja huko huzaa joto. Kwa malori yenye matairi mawili mawili nyuma, lile la ndani huweza kwisha upepo dereva asijue, kwa kuwa mwenzake wa nje amelibeba. Tairi namna hiyo laweza kushika moto. Dereva wa lori apigapo matairi yake kwa nyundo asubuhi asilipite la ndani.

Nyaya za umeme

Katika harufu zote hakuna itakayo haraka kuliko hii. Ni ya plastiki inayoyeyuka, kali na chungu kooni, na mara nyingi hutoka chini ya dashibodi. Yaweza kutoka hata gari likiwa limesimama na injini imezimwa, na katika hilo haifanani na nyingine. Dereva asimame, azime kila kitu, awateremshe abiria, kisha afungue waya wa betri wenye alama ya kutoa. Ikiwa moshi unaendelea kutoka, asirudi ndani kuchukua cho chote.

Mara nyingi mzizi wa jambo hili ni fyuzi. Fyuzi ni mlinzi: umeme ukizidi, yeye hukatika ili waya usiungue. Fyuzi ikatikapo mara kwa mara, kuna watu ambao huweka iliyo kubwa zaidi, au kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mtu huyo amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Kadhalika wale ambao hufunga redio kubwa na taa za mapambo katika matatu, wakaunganisha nyaya kwa kusokota na kufunika kwa nailoni, wanatengeneza moto utakaowaka siku moja wasioichagua.

Pamoja na haya itajwe harufu ya mayai yaliyooza. Katika magari ya petroli ya siku hizi yaweza kutoka katika chombo cha kusafishia moshi. Lakini ikitoka upande wa betri, betri inachemka kwa kutiwa umeme kupita kiasi, nayo hutoa hewa iwezayo kulipuka. Sigara na kiberiti vikae mbali.

Yasiyo na hatari, na yanayodhaniwa hayana

Haki yataka isemwe kwamba si kila harufu ni ya msiba. Pedi mpya za breki hunuka kidogo katika safari zake za kwanza. Mfuko wa nailoni ulioshikwa na bomba la moshi huyeyuka na kutoa harufu ya kutisha, ingawa mifuko ya namna hiyo ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Agosti mwaka 2017. Na gari la mbele laweza kweli kuwa ndilo linalonuka.

Lakini majani makavu yasihesabiwe miongoni mwa mambo madogo. Gari likipita mbugani majani hukusanyika chini yake. Likisimama juu ya majani makavu, bomba la moshi lenye moto huweza kuyawasha. Panya nao hujenga viota juu ya injini ya gari lililokaa siku nyingi. Kutazama chini ya gari na chini ya boneti ni kazi ya dakika mbili.

Na ikiwa moto umekwisha kuonekana, watu watoke kwanza, mzigo baadaye. Boneti isifunguliwe wazi, maana hewa hulisha moto. Mtungi wa kuzimia upulizwe kupitia nafasi ndogo. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka, kwa kuwa petroli huelea na kuueneza moto. Asiye na mtungi atumie mchanga ikiwa moto ni mdogo. Ukiwa mkubwa, aliache gari na kusimama mbali.

Kule mteremkoni

Yule utingo hakunyamaza. Alitoa kichwa dirishani, akanusa tena, akasema, "Mzee, magari ya mbele yamekwisha kutupita mbali. Harufu ingali pamoja nasi. Yatoka nyuma, upande wangu."

Maneno hayo yalikuwa na majibu matatu kati ya yale manne, na dereva hakuwa na neno la kuyapinga. Alipofika mahali palipopanuka alisimama. Walitia mawe, wakayazunguka magurudumu, na kulipokaribia la nyuma la kushoto utingo aliurudisha mkono haraka. Mengine yalikuwa na joto la kawaida kwa lori lenye mzigo. Hili lilikuwa tanuri.

Dereva alimpigia simu mwenye mali.

"Shikamoo, mama. Mzigo utachelewa. Gurudumu moja limepata moto."

Mama alikuwa kimya kidogo; wajenzi walikuwa wakimngoja, na siku yao alikwisha kuilipa. "Marahaba," akasema. "Ningefurahi ufike saa nane. Lakini ufike."

Utingo alipanda matatu iliyokuwa ikishuka kwenda kumleta fundi, akapita karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942 chini ya mlima. Baada ya saa moja na nusu fundi aliifungua ngoma ya breki. Springi ya kurudisha lainingi ilikuwa imekatika. Lainingi ilikuwa imesugua ngoma njia yote tangu Nairobi, kwenye tambarare na kwenye mteremko, na mahali pengine ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la yai.

Springi yenyewe ilienea katika kiganja cha fundi. Dereva aliitazama kwa muda, kisha akaitia mfukoni. Lori lilifika Narok magharibi, na saruji ilishushwa kwa mwanga wa taa. Kabla ya kulala dereva aliomba kalamu, akaandika katika kijitabu chake: nyuma kushoto, harufu kali, wakati wa kushuka, springi. Akamwonyesha utingo alichokiandika.

"Tangu leo," akamwambia, "kijitabu hiki ni chako."